Elfu Moja ya Daktari

Kwetu mama huitwa baba. Ni Ekegusii tu: mama ni baba, na baba ni tata. Nikiwa darasa la nne mwalimu wa Kiswahili alinichorea msalaba mwekundu kwa kuandika kwamba baba yangu ananyonyesha mtoto. Kwa hivyo nikikuambia kwamba usiku mmoja wa Aprili 2024 baba alilala kwenye kiti cha nyuma cha Probox, kichwa chake mapajani mwangu, mikono yote miwili tumboni, ujue nazungumza kuhusu mwanamke aliyenizaa.

Tulikuwa tunatoka upande wa Kebirigo, Nyamira, tunateremka Kisii. Kama umewahi kupanda Probox ya kwetu unajua ni gari la watu kumi na zaidi, wengine kwenye buti, dereva akigawana kiti chake na abiria. Usiku ule tulikuwa wanne tu, na nauli ilikuwa 3,500. Hiyo ndiyo bei ya kwanza. Sikuiandika popote kwa sababu sikujua bado kwamba nitakuwa mtu wa kutunza hesabu.

Tulikuwa tumeanzia hospitali ya umma. Mlinzi wa langoni alitumulika na tochi, akamwona baba, akasema kwa upole, "Madaktari wamegoma. Si mnajua?" Tulijua. Nchi nzima ilijua. Mgomo ulikuwa umeanza katikati ya Machi, na mwanzoni mwa Aprili matabibu nao wakaingia. Muuguzi mmoja aliyekuwa zamu alimpapasa baba tumboni, akasema inaonekana ni kidole tumbo, tena huenda kimeshapasuka, na hapa hakuna wa kumpasua. Nendeni Kisii. Tafuteni ya kibinafsi. Msichelewe.

Sasa nikuambie kuhusu Daktari.

Daktari ni jirani yetu. Ana jina, ila hatulitumii. Aliacha kuitwa kwa jina mwisho wa Desemba 2016, matokeo ya KCSE yalipotoka. Ule ndio mwaka ambao Kenya nzima ilipata A 141 pekee, baada ya wizara ya elimu chini ya Fred Matiang'i, ambaye ni mtu wetu wa Nyamira, kuziba mianya ya wizi wa mitihani. Daktari alipata alama za kutosha kusomea udaktari. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele kutoka shamba la chai hadi barabarani, na kufikia jioni jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika.

Cha kuchekesha ni kwamba siku hiyo hiyo madaktari wa Kenya walikuwa mgomoni. Walianza 5 Desemba 2016 na hawakurudi kazini hadi 14 Machi 2017. Siku 100. Viongozi wa chama chao, KMPDU, hata walitupwa jela mwezi wa pili. Sisi tuliyasikia hayo kwenye redio, tukazima redio, tukaenda kula wali kwa kina Daktari.

Mwaka huo wa 2017 tukamfanyia harambee ya karo. Hema, viti vya plastiki vya kanisa, MC mwenye kipaza sauti kinachopiga mluzi. Babake alikuwa ameshauza ng'ombe wawili na kukodisha chai yake kwa miaka mitatu. Baba yangu mimi hakuwa na pesa, alitoa jogoo. Jogoo akapigwa mnada, anayemnunua anamrudisha, anauzwa tena, hadi akaleta 4,200. Mimi ndiye nilimshika miguu. Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa nikimtania Daktari kwamba mifupa yote ya mguu wa kushoto ameijua kwa jogoo wetu.

Turudi Kisii.

Hospitali ya kibinafsi iliyotupokea sitaitaja. Walitupokea vizuri, hilo lazima niseme. Walitaka 40,000 kabla ya kumwingiza baba chumba cha upasuaji. Kadi yake ya NHIF ilikuwa imelala: ilikuwa 500 kwa mwezi, na alikuwa ameacha kulipa Novemba. Novemba ndiyo nilipiga simu nyumbani nikilia kuhusu kodi ya chumba changu chuoni. Hakuniambia kitu, alituma tu. Jambo hili nililijua pale pale kwenye dirisha la malipo, saa saba ya usiku, msichana wa kompyuta akinionyesha kwa kidole mwezi wa mwisho uliolipwa.

Nilitoa 31,000 zilizokuwa kwenye M-Pesa yangu. Zilikuwa karo ya muhula. Tata akapigia watu simu hadi zikatimia.

Daktari wa upasuaji alifika baada ya dakika arobaini hivi. Mtu mtulivu, mikono safi, alituambia kwa Ekegusii tusiogope. Baba akapona. Nataka hilo likae mbele ya mengine yote: yule mtu alimwokoa baba yangu. Asubuhi nilipomwambia muuguzi kwamba tumshukuru Mungu daktari alipatikana, akacheka kidogo. "Siku hizi wanapatikana tu. Kule kwa kaunti si wamegoma."

Nililiweka hilo kando. Nilikuwa na hasira, ila nilikuwa nimeshamchagulia mtu mwingine.

Siku ya tisa baba aliambiwa anaweza kwenda nyumbani, na sisi tukapewa bili. Ilisomeka hivi. Chumba cha upasuaji, 35,000. Daktari wa upasuaji, 50,000. Daktari wa nusukaputi, 20,000. Kitanda, 4,500 mara tisa. Dawa, 31,200. Maabara na picha, 14,700. Vifaa, 18,600. Daktari kumtembelea mgonjwa, 2,000 mara tisa. Jumla 228,000.

Tata huuza majani chai. Alikikunja kile kikaratasi mara nne akakitia mfukoni, kama mtu anayeficha kitu kisionekane na watoto.

Tukafungua kundi la WhatsApp. Wewe unalijua hilo kundi, umeshaingizwa kwenye mengi. Picha ya mgonjwa, nambari ya kutuma, halafu orodha ambayo kila mtu anainakili na kujiongeza chini. Mwalimu, 2,000. Shemeji wa Nakuru, 5,000. Kikundi cha akina mama, 7,300. Na nambari 34 ikaingia: Daktari, 1,000.

Kundi likanyamaza kama dakika mbili. Halafu mjomba mmoja akaandika, "Daktari, elfu moja kweli? Tuliuza ng'ombe." Mwingine akaweka kikaragosi cha jogoo. Sijui kama alikusudia, lakini mimi niliona jogoo wetu.

Nikampigia simu. Alikuwa Nairobi. Alikuwa amemaliza masomo 2023 na bado hakuwa amepangiwa kituo cha kufanyia mwaka wa uanagenzi, ule ambao bila huo huwezi kupewa leseni kamili. Yeye na wenzake walikuwa wakiandamana nje ya Afya House. Katibu mkuu wao, Davji Atellah, alikuwa ameumizwa kichwani kwenye maandamano mwisho wa Februari. Daktari alikuwa analala sakafuni kwa rafiki yake Githurai. Mimi haya yote sikumuuliza. Nilimwambia, "Mgomo wenu karibu umuue baba yangu."

Alinyamaza. Nikasikia filimbi na watu wakiimba nyuma yake. Kisha akasema, "Ile elfu nilikopa kwa Fuliza, mdogo wangu." Nikakata simu.

Siku nne zaidi baba alikaa pale. Hakuna aliyemtibu, alikuwa amepona, anatembea wodini akiwapangia wenzake mito. Alikuwa hawezi kutoka kwa sababu hatujalipa, na kila siku aliyokaa kwa sababu hatujalipa iliongeza 4,500 ya kitanda. Nilisoma baadaye kwamba Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Katiba yenyewe, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ni maneno mazuri. Ila ukiwa pale langoni, huna wakili na mlinzi ana rungu.

Harambee ilileta 96,300. Zile 40,000 za usiku wa kwanza zikahesabiwa. Rafiki ya tata akamkopesha 31,000 za kungojea bonasi ya chai. Bili ilikuwa imefika 246,000, kwa hivyo likabaki deni la 78,700. Tata akarudi nyumbani, akaja na hati ya shamba ndani ya bahasha ya kaki, akaiacha kwa mhasibu. Nusu ekari ya chai. Akapewa risiti. Baba hakusema neno hadi tulipopita Nyamira mjini, ndipo akauliza kama kuku wamefungiwa.

Chuoni sikurudi. Watu wanapenda kuuliza "uliacha kwa nini" wakitarajia mkasa wa mapenzi. Niliacha kwa sababu ya kidole tumbo kisichokuwa changu.

Daktari alirudi kijijini Mei, mgomo ulipokwisha baada ya siku 56. Madaktari walirudi kazini, lakini suala la wanagenzi, yaani la yeye, liliachwa likielea. Alikuja kwetu jioni ya pili. Alisimama mlangoni bila kuingia hadi baba alipomwita, "Daktari, mbona unakuwa mgeni?" Akaomba kuona kovu. Akaliangalia kwa muda mrefu, akasema limefungwa kazi nzuri sana. Halafu akaniambia, "Leta bili."

Tulikaa mezani na taa ya sola. Alinisomea kile kikaratasi mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akinifundisha hesabu nikiwa kidato cha kwanza. Hii ni nini, hii inafanya nini, hii wamehesabu mara mbili. Maji ya chumvi ya dripu: kwa duka la jumla ameyaona chini ya mia mbili, hapa ni mia sita. Nikamwambia mhasibu alisema dola imepanda. Akasema kweli, Januari ilifika karibu shilingi 160, lakini kufikia Aprili ilikuwa imerudi karibu 130. "Dola ilishuka, dripu ikabaki juu ya mti."

Tukajumlisha pesa za madaktari peke yao. Upasuaji, nusukaputi, kutembelea. 88,000. Nyingi. Zaidi ya thuluthi ya bili. Lakini zile nyingine 140,000 zilikuwa za nani? Za kitanda, za jenereta, za mkopo wa benki uliojenga ghorofa, za mwenye hisa ambaye sitawahi kumwona. Hao hakuna anayewatumia kikaragosi cha jogoo. Kwenye bili nzima mtu pekee tuliyemwona uso ni daktari, na ndiye tunayemkasirikia.

Nikamuuliza swali nililokuwa nimeliweka kando. "Huyu aliyempasua baba, si ni wa kaunti?"

"Ni wa kaunti."

"Si alikuwa kwa mgomo?"

"Alikuwa."

"Kwa hivyo kule kwa umma hayuko, huku kwa elfu hamsini yuko."

Daktari alizungusha kalamu mezani. Alisema yule mtu ana watoto wa shule, ana mkopo, na sheria haimzuii kufanya kazi nje ya saa za serikali. Kisha akasema, "Lakini mimi pia sikulipenda." Hakuongeza kitu, na mimi sikumsukuma.

Ndipo akaniambia hesabu yake. Mkataba wa madaktari wa mwaka 2017, mwaka ule ule tulipomuuza jogoo, ulisema daktari mwanagenzi alipwe 206,400 kwa mwezi kabla ya makato. Alisoma miaka yote akiijua hiyo namba. Babake aliijua. Mwenye chai aliyokodisha aliijua. Mwaka 2024, zamu yake ilipofika, serikali ikasema haina pesa, itatoa 70,000.

Nakiri kwamba kichwani mwangu nilisema 70,000 ni nyingi. Tata hajawahi kuzishika kwa mwezi mmoja. Kwenye matatu ya Kisii utasikia watu wakisema hivyo waziwazi: madaktari wana tamaa, walimu je, wachuma chai je? Na ni kweli, aliye shambani akisikia laki mbili haoni ni vipi mtu atalala njaa nayo.

Lakini nimeifikiria sana bili yetu tangu siku ile, na nimefika mahali fulani. Mshahara wa daktari utalipwa tu. Hakuna namna ya kuukwepa. Serikali ilipokataa kumlipa kwa mwezi, daktari hakupotea. Alivuka barabara akaingia hospitali ya kibinafsi, na sisi tukamfuata huko na hati ya shamba. Pesa ambazo hazikutoka kwenye bajeti zilitoka kwa tata, usiku mmoja, pamoja na faida ya mwenye jengo juu yake. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema nchi haina uwezo wa kuwalipa madaktari, huwa nauliza: nani alilipa zile 88,000?

Gusii haikuanza kulipa waganga jana. Zamani kulikuwa na ababari, mafundi waliokuwa wakifungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumia akabaki na maumivu yasiyoisha. Watafiti wameandika juu yao. Magokoro, nyanya yangu, aliniambia omobari alilipwa, tena vizuri, ila alikuwa mtu wa mlima ule pale, na mbuzi uliyempa ulimwona akilishwa. Ulijua pesa yako imekwenda wapi.

Baada ya hapo tumejaribu kila kitu. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ilifuta ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 ada zikarudi, zikaitwa kuchangia gharama. Mwaka 2004 zikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Mwaka 2013 zikafutwa huko pia, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Baba huzikumbuka kwa watoto wake: huyu nilimlipia, huyu wa bure. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHA ikaja. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75; asiye na mshahara anaulizwa maswali. Ukuta wenu ni wa nini? Mnapikia nini? Choo ni cha aina gani? Halafu kompyuta inakupa namba, na namba yenyewe unatakiwa kuilipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Tata alitazama simu akasema, "Wanataka mwaka mzima kwa mtu anayelipwa kwa kilo." Kuna mpango wa kulipa pole pole, lakini pole pole yenyewe ni mkopo.

Tulimlipia. Mimi ndiye nililipa. Sikutaka kusimama tena mbele ya dirisha nikionyeshwa mwezi wa Novemba.

Pesa nazipata wapi? Naandika. Haya unayoyasoma hayalipi kodi ya nyumba. Kinacholipa ni insha za wanafunzi wa uuguzi wa Marekani. Wananilipa niwaandikie kazi zao za darasa, kupitia mtu mwenye akaunti ambaye naye anakata chake. Mwezi uliopita niliandika kurasa nane kuhusu gharama kama kizuizi cha matibabu. Nilipata A. Yaani, mtu fulani huko Ohio alipata A.

Daktari alipangiwa kituo hatimaye, mbali na kwetu. Desemba 2024 serikali ilikubali kwamba wanagenzi walipwe zile 206,400 za mkataba. Kijiji kilisikia redioni, na wikendi hiyo watu sita walimpigia simu kuomba karo. Hakuna aliyemuuliza kama pesa zimeingia. Hazikuwa zimeingia. Alifanya zamu za usiku mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akila kwa deni kwenye kibanda nje ya lango la hospitali, akiitwa Daktari na mama anayempimia ugali wa mkopo.

Alipokuja nyumbani mara ya mwisho baba alimpikia kuku na chinsaga. Wakati wa kuondoka akampenyezea 200 kwenye mfuko wa koti. Daktari alikataa, baba akamshika mkono akaufunga. "Uliniangalia kovu," alimwambia. "Hakuna mtu wa kuangalia bure."

Deni la hospitali limebaki 22,700. Hati bado iko kwa mhasibu, ndani ya bahasha yake ya kaki. Hulipa mwisho wa mwezi, nikilipwa. Jana ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwenye akaunti hakushika simu, kwa hivyo usiku nikamwandikia Daktari.

"Imeingia?"

"Bado. Wewe?"

"Bado."

Akaandika tena baada ya muda: "Baba anaendeleaje na lile kovu?"

Nikamwambia haliumi, ila mvua ikikaribia huwa anahisi likivuta. Akasema ni kawaida, atalitazama akija.